Ungo wa Mwanafunzi

Umewahi kumtazama mama akichambua mchele? Ungo mapajani, kidole kinatembea polepole. Chuya pembeni. Kijiwe pembeni. Hana haraka, anajua watakaotafuna ni wanawe.

Nawe mwanafunzi unayekwenda leo maktaba ya chuo pale Mlimani, beba ungo wako. Simu inakumwagia gunia zima la habari kwa mguso mmoja. Mchele umo, na mawe yamo. Basi chambua. Hiki unachosoma kaandika nani? Lini? Habari zake kazitoa wapi? Fungua kurasa za nyuma, kwenye marejeo. Pale mwandishi anakuonyesha shamba alikovuna. Mfuate huko huko. Ukishakipata kitabu rafuni, tupia jicho na majirani zake, maana vitabu vya somo moja hupangwa bega kwa bega. Mimi vizuri vingi nimevipata hivyo, nikitafuta kingine.

Na yule mkutubi pale mezani? Wengi humpita kama nguzo. Msalimie. Mwulize. Ghala lilivyopangwa analijua yeye.

Haya, hiyo sentensi unayotaka kuinakili asubuhi hii, imepita kwenye ungo?