MAKENGEZA YA MTOTO SI AIBU YA MAMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, atuumbaye matumboni mwa mama zetu kama apendavyo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya haya:

Ndugu mmoja amelijia darasa letu kwa huzuni. Mwanawe ana makengeza, na katika nyumba ya baba hapana mwenye jicho la namna hiyo. Jamaa zake wamemnong'oneza maneno mabaya juu ya mkewe. Wengine wasema mama alimcheka mwenye makengeza alipokuwa na mimba. Wengine wamtaka apige ramli ajue ni nani aliyemhusudu mtoto. Naye atuuliza: je, mtoto huyu ni wangu?

Twamjibu kwa jambo lililopita mbele ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kwamba mtu wa kabila la Fazara alikuja kueleza shaka yake kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume hakumwambia amwache mkewe, bali alimuuliza rangi za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu. Akaulizwa kama miongoni mwao wamo wa kijivu. Akakiri kuwa wamo. Alipoulizwa hao wametoka wapi, akasema huenda wamevutwa na mshipa wa asili. Basi Mtume akamjulisha ya kuwa huenda na mtoto wake amevutwa vivyo hivyo, wala hakumruhusu amkane.

Na elimu ya leo yaueleza mshipa huo wa asili. Bukrati, tabibu wa Kiyunani, aliandika zamani sana kuwa wenye makengeza huzaa wenye makengeza. Matabibu wa zama zetu wamechunguza pacha: katika pacha wa kufanana, mmoja akiwa na makengeza, mwenziwe huwa nayo kwa kadiri ya 73 katika mia; katika pacha wasiofanana ni kadiri ya 35 katika mia. Tofauti hiyo ni alama ya urithi. Lakini urithi si sababu pekee, kwani hata pacha wa kufanana si wote walio sawa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia naye yumo hatarini.

Kila jicho huendeshwa na misuli 6 kwa amri ya ubongo. Pengine kinachorithiwa si makengeza yenyewe, bali ni jicho lisiloona vyema vitu vya karibu. Mtoto akijikaza kutazama, jicho huvutika kuelekea puani. Na chembe za urithi, ziitwazo jeni, zaweza kujificha kwa wazazi zikadhihiri kwa mjukuu. Basi ndugu yetu asiitazame nyumba yake tu. Awaulize wazee wa pande zote mbili.

Hatukanushi kuwa jicho la hasidi ni kweli, kwani limethibiti katika Hadithi. Tunalokanusha ni kufanya kila maradhi kuwa ya husuda, kisha kupeleka mali kwa mpiga ramli huku mtoto akiharibikiwa. Mtume ametuamrisha tujitibu.

Na dawa hii ina wakati wake. Mtoto mchanga macho yake huweza kuyumba miezi ya mwanzo; lakini yakiendelea baada ya miezi 4, apelekwe kwa daktari wa macho. Ubongo huliacha jicho lililopinda, nalo likavivia na kupoteza nuru. Akiwahiwa kabla ya miaka 7, miwani, au kulifunika jicho zima ili lile dhaifu lifanye kazi, huleta nafuu kubwa. Na wengine hupasuliwa misuli ikanyoshwa. Na mboni ikionekana na weupe ndani yake, msingoje hata wiki, kwani huenda ikawa saratani, nayo huua.

Mwisho, enyi wazazi na walimu wa vyuo, msimwite mtoto "Kengeza". Mwenyezi Mungu ametukataza kuitana kwa majina mabaya katika Sura ya Hujurat, aya ya 11. Na wewe ndugu uliyetuuliza, mtoto ni wako. Muombe radhi mama yake, kisha mshikeni mkono mwanenu nyote wawili mwende kwa daktari.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuongoza.