Mshindani Wangu ni Jirani Yangu

Mwaka 1986 bingwa wa soka wa Tanzania Bara alitoka Tukuyu, mji mdogo wa Rungwe. Mwaka 1988 kombe lilikwenda Tanga kwa Coastal Union. Mwaka 1999 na 2000 lilichukuliwa na Mtibwa Sugar, timu ya wakulima wa miwa na wafanyakazi wa kiwanda huko Turiani. Lakini kuanzia 2001 hadi msimu wa 2024/25, Simba na Yanga wamegawana ubingwa wote isipokuwa mmoja tu, ule wa Azam wa msimu wa 2013/14. Na Azam nayo ina kampuni kubwa nyuma yake.

Sisemi kwamba klabu hizi zimeiba, na najua wengi wetu sharikani ni mashabiki wao. Nauliza swali la imani: je, ushindi unaopatikana kwa sababu mwenzako hana kitu, ni ushindi wa namna gani?

Mzunguko wenyewe tunaujua. Mashabiki wengi huvuta wadhamini, wadhamini huleta fedha, fedha hununua wachezaji, wachezaji huleta makombe, na makombe huongeza mashabiki. Timu ndogo humlea kijana kwa miaka. Akicheza msimu mmoja mzuri, huchukuliwa. Mara nyingine huishia benchi, na faida pekee ni kwamba timu aliyotoka haina tena wa kufunga mabao.

Hapo tunamkumbuka nabii Nathani na hadithi yake kwa Daudi (2 Samweli 12): tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemchukua kondoo mmoja wa maskini. Tunakumbuka pia Katekisimo Ndogo tuliyofundishwa wakati wa kipaimara. Katika amri ya kumi, Luther anatufundisha tusiwarubuni watumishi wa jirani, bali tuwahimize wabaki na kutimiza wajibu wao.

Lakini mchezaji si kondoo. Ana wazazi wanaomtegemea, na miguu yake itamlipa kwa miaka michache tu. Kumzuia asitafute mshahara bora ni kumtwisha yeye mzigo wa haki ambao ni wetu sote. Kwa hiyo tatizo haliko kwa kijana anayehama. Liko katika namna mapato yanavyogawanywa.

Inawezekana kugawa vingine. Katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, NFL, fedha za mikataba ya kitaifa ya televisheni hugawanywa sawasawa kwa timu zote, na timu iliyofanya vibaya zaidi hupewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji wapya. Mpango huo una kasoro, kwa maana kijana hachagui timu ya kuanzia. Hata hivyo, matajiri wale wametambua kwamba mchezo ambao matokeo yake yanajulikana mapema hauna ladha. Sheria ya Yubile (Walawi 25) ilikwenda mbali zaidi: mwaka wa hamsini ardhi ilirudi kwa wenyewe. Haikukataza bidii. Ilikataza mafanikio ya mmoja yasiwe kifungo cha watoto wa mwingine.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Kushinda mtu anaweza kusema peke yake, lakini kushindana ni neno la watu wawili. Anayemmaliza mshindani wake amebaki na kombe na kuupoteza mchezo.

Wapendwa, tusiishie uwanjani. Katika mashindano yetu ya kwaya, usharika wa mjini una vinanda, sare mpya, na mwalimu aliyetolewa kijijini kwa posho nzuri. Tukitangazwa washindi tunasema Bwana ametubariki. Je, tumeuliza ni mtaa gani umebaki bila mwalimu? Kama tumemchukua, tumruhusu arudi kule mara kwa mara kufundisha, na nauli itoke kwetu. Kinanda chetu cha zamani kiende kule kikiwa bado kizima.

Paulo anatuita tupige mbio ili tupate tuzo (1 Wakorintho 9:24), kwa hiyo Mkristo hadharau ushindi. Lakini Bwana wetu, aliyekuwa tajiri, alikubali kuwa maskini kwa ajili yetu. Anayemfuata huyo humtakia mshindani wake nguvu za kutosha kumshinda.