Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Vijana wapendwa, leo naanza kwa kuungama. Likizo iliyopita, sisi vijana wa Kibondo na Kasulu tulisafiri kupitia Kakonko na Nyakanazi mpaka Muganza, tukavuka kwa boti kwenda Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa pale sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Waliopo leo ni uzao wao.

Kabla hatujaingia msituni, mwongozaji akauliza: "Nani ana mafua au kikohozi?"

Mimi nilikuwa na mafua tangu juzi. Nikanyamaza. Jamani, filosofia ilinipa hoja chapuchapu: ni mafua madogo tu, hela nimeshalipa, nitavaa barakoa, nani atajua?

Akaendelea kutueleza kwamba magonjwa yetu humpata sokwe kirahisi. Hata Gombe, huku kwetu Kigoma, mwaka 1966 polio iliua sokwe na kulemaza wengine. Na kisiwani hakuna pa kukimbilia.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa naenda kumuugua mwenyeji wangu! Nikanyoosha mkono. Wenzangu wakaingia, mimi nikabaki ufukweni na rozari yangu, nikimtazama furukombe akivua samaki. Sokwe sikuwaona. Iliniuma, sitawadanganya.

Lakini pale nilimwelewa Musa. Mbele ya kile kijiti kilichowaka, aliambiwa asikaribie, avue viatu kwanza (Kut 3:5). Heshima wakati mwingine ni kubaki mbali. Na Adamu alikabidhiwa bustani aitunze (Mwa 2:15), si aitumie apendavyo. Papa Fransisko naye, katika *Laudato Si'* ya 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote.

Basi, ukienda Rubondo, Gombe au Mahale: ukiumwa, sema. Usimsogelee mnyama kwa ajili ya selfi. Usimpe chakula. Chupa yako rudi nayo. Katika Misa tunaungama hata wajibu tulioacha kuutimiza. Kunyamaza kwangu kulikuwa humo.

Juma hili jiulize: ni wapi nimeingia kama mgeni nikaacha jeraha?

Ee Bwana, utufundishe kupita katika nyumba yako bila kuiharibu. Amina.