Yako Wapi Makaburi Yao?

Katika mkutano mmoja wa ardhi wilayani Ngara, bibi mmoja alisimama akaeleza kwamba ukoo wa mumewe ulilima kilima kile kabla yeye hajazaliwa. Mtaalamu aliyekuja na ramani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: "Kama mlikuwapo, makaburi yenu yako wapi?" Bibi akanyoosha mkono kuelekea kichakani. Ikaandikwa kwamba eneo halina dalili za makazi. Tangu siku hiyo swali lile limenikaa kooni.

Akiolojia, kama kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anavyofundishwa, ni elimu ya maisha ya watu wa kale kupitia mabaki yao. Sina ugomvi na maana hiyo. Ninachokipinga ni dhana inayojificha nyuma yake, kwamba kuwapo kwa mtu hupimwa kwa alichokiacha: aliyeacha kidogo alikuwapo kidogo, na asiyeacha kitu hakuwapo kabisa.

Tuanze na kaburi lenyewe. Katika sehemu kubwa ya mkoa wa Kagera, iliko Ngara, marehemu huzikwa nyumbani, kando ya migomba. Zamani hapakuwa na saruji wala msalaba wenye jina. Kilikuwapo kichuguu cha udongo, na mvua chache zikikipitia kinasawazika. Udongo wa milima yenye mvua nyingi una asidi, nao hula mifupa. Nyumba za msonge zilikuwa za miti na nyasi, chakula cha mchwa. Kwa hiyo anayedai mifupa na kuta anadai vitu ambavyo ardhi hii haikuwahi kuahidi kuvitunza.

Wasomi wenyewe wanalijua hilo. Vyungu vya kale vinavyoitwa vya Urewe vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 kutokana na vigae vya Siaya, Kenya, na tangu hapo vigae vya aina hiyo vimeokotwa pande zote za Ziwa Viktoria, hadi Rwanda na Burundi. Makaburi ya wafinyanzi wake ni machache mno. Lile la Kabusanze, kusini mwa Rwanda, ambamo mtu mzima na mtoto walilazwa pamoja na vyungu takriban mwaka 400 baada ya Kristo, lilipotangazwa mwaka 2010 lilikuwa habari kubwa kwa sababu ya uhaba huo. Kwa kanuni ya mwenye ramani, vizazi na vizazi vilivyofinyanga vyungu hivyo, vikafyeka misitu na kuyeyusha chuma, havikuishi popote.

Tena kaburi hushuhudia mahali mtu alipoishia, na mtu huweza kuishia mbali na alikoishi. Mwaka 1994 maiti za waliouawa Rwanda zilibebwa na Mto Kagera, zikapita chini ya Daraja la Rusumo, mlangoni mwa Ngara, hadi ziwani. Wengi wao walizikwa na watu wa Uganda, Kasensero na kwingineko ufukweni. Je, waliishi Kasensero? Walimolima, walimooa, walimolea watoto, hakuna kaburi lao hata moja. Anayesema kwamba pasipo kaburi hapakuwa na mtu anawamalizia wauaji kazi yao.

Mwaka huohuo Ngara ilipata somo jingine, nami hulirudia kila ninapofikiria mambo haya. Tarehe 28 na 29 Aprili wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja lilelile ndani ya saa ishirini na nne hivi. Kambi ya Benaco, yenye jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, ikawa mji uliosemwa kuwa wa pili kwa ukubwa nchini. Baadaye zikaja Lumasi na nyingine. Miti ikakatwa hadi visiki. Vikachimbwa vyoo vya mashimo kwa safu, maturubai yakasambaa, makopo ya mafuta ya msaada yakazagaa, na waliouawa na kuhara damu wakazikwa. Desemba 1996 kambi zikafungwa.

Mchimbaji wa miaka elfu moja ijayo atakuta pale tabaka nene kuliko lolote la wilaya nzima. Atahesabu mashimo, atapima plastiki ambayo haikuoza, ataona kwamba vyakula vilitoka ng'ambo ya bahari, na huenda akadhani amefika katika mji mkuu wa dola fulani. Na watu wale walikaa pungufu ya miaka mitatu. Jirani yao, ukoo uliokaa karne kadhaa ukipanda migomba na kurudisha majivu shambani, utampa vigae viwili. Wakimbizi walikuwapo kweli, na mateso yao yanastahili kukumbukwa. Siwapunguzii hata chembe. Lakini ikiwa wingi wa mabaki ndio kipimo, basi aliyeishi bila kuiumiza ardhi anaadhibiwa kwa upole wake. Sijapata kuona kipimo kinachomdhulumu mwema waziwazi namna hii.

Na huo utupu wa ardhi unaodaiwa una historia yake. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza Speke alipita Usui, nchi iliyokuwa katika eneo la Ngara na Biharamulo ya leo, akalalamikia hongo aliyotozwa na Mtemi Suwarora. Pori tupu halitozi hongo. Miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe, ndui ikaua watu. Vichaka vikarudi, mbung'o wakaingia navyo. Chini ya Waingereza watu wakaondolewa penye mbung'o na kukusanywa katika makazi ya kuzuia malale. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha wengine tena. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mtu huondolewa kwa amri, kisha kuondoka kwake kunafanywa ushahidi kwamba hakuwapo.

Wapo wanaosema kumbukumbu za ukoo huongezwa chumvi ardhi inapogombaniwa, na wanasema kweli. Wapo pia wanaosema walio hai wanahitaji barabara, migodi na wanyamapori kuliko mahame. Hao nao wasikilizwe.

Hata hivyo, njia bora ya kuthibitisha makazi ya kale ipo, na imeshatumika hapahapa Kagera. Huko Katuruka, Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt aliongozwa na masimulizi ya wazee hadi mahali pa kuchimba, akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita. Mdomo wa mzee ulitangulia jembe. Bibi wa Ngara alinyoosha mkono vivyo hivyo, na hakuna aliyekwenda kutazama.

Lakini tuseme wangekwenda. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda yaliyotangulia mwaka 1863. Ile ya kuhamisha makaburi ya 1969 inaruhusu wafu wapishe manufaa ya umma. Baba mkwe wa bibi yule si wa kale wa kutosha kwa sheria ya kwanza, na kwa ile ya pili anatambuliwa pale anapotakiwa kuhama. Ili kuthibitisha kwamba alikuwapo, itabidi afukuliwe. Kwa ajili ya haki ya bibi nataka jembe liingie. Kwa ajili ya heshima ya aliyelala sitaki asumbuliwe ili kumridhisha mtu aliyekwisha kuamua. Ningependa kusema kwamba mzigo wa kuthibitisha umwangukie anayedai utupu. Lakini ushahidi wa utupu ungekuwa kitu gani, kama si kutokuona kitu, jambo lilelile nililokataa tangu mwanzo lisiwe hoja?