Neno la Siri na Mgeni

Hapa Issenye, wilayani Serengeti, nilikaa mbele ya kompyuta iliyohifadhi alama za mitihani za watoto wa watu. Huendeshwa kwa Linux, aliyoitoa Linus Torvalds mwaka 1991. Nikitaka kuweka LibreOffice, nikaandika: sudo apt install libreoffice. Ikaniuliza neno la siri. Vidole vikasita.

Ndugu msomaji, kulitoa neno hilo ni kumkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima. Nitaambiwa kwamba programu hii haina siri, kwani maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Kweli, ila mimi sikuyasoma. Kompyuta nayo huhakiki sahihi ya msambazaji. Hiyo yaonyesha mzigo umetoka kwa nani, haionyeshi kama ni mwema.

Basi nimeamini kwa macho ya wengine. Je, ni kosa? Sidhani, hata mgeni humpokea kwa kuwa jirani anamfahamu. Kosa ni kuhatarisha mali ya wengine kwa imani yangu mimi. Kwanza nikanakili alama zote kwenye diski nyingine. Ndipo nikaandika neno la siri, na baadaye programu ikafunguka.