Jina Juu ya Kibao Kimoja

Mwaka 1758 mpiga chapa Laurentius Salvius wa Stockholm alitoa toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha Carl Linnaeus. Wataalamu wa elimu ya wanyama walikubaliana baadaye kwamba majina ya kisayansi ya wanyama yaanze kuhesabiwa tangu mwaka huo. Miongoni mwa majina yaliyomo ni Chiton, neno la Kigiriki lenye maana ya vazi, ambalo kwa Kiswahili lingekaribiana na kanzu.

Mnyama mwenyewe hana makuu. Ni moluska bapa agandaye miambani, na mtu aliyewahi kutembea juu ya mawe ya pwani ya Unguja au Mombasa maji yakiwa yamekupwa huenda amempita mara nyingi asimtambue. Mgongoni ana vibao vinane vilivyolaliana kama vigae vya paa, na pembeni vimeshikwa na mshipi wa nyama unaomzunguka mwili mzima. Akifa, mshipi huoza na vibao hutawanyika. Havilingani: cha mbele kina umbo la nusu mwezi, cha nyuma kina umbo lake, na vile sita vya kati hutofautiana navyo. Kwa hiyo aokotaye kibao kimoja ndani ya jiwe hajaokota mnyama, bali sehemu moja kati ya nane. Na watu wawili waliookota vibao viwili vya mnyama mmoja wanaweza, kwa nia njema kabisa, kutangaza spishi mbili.

Hatari hiyo si ya kubuni. Katika kisiwa cha Gotland, kusini mwa Stockholm, mna mawe ya chokaa ya kipindi cha Siluri, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 420. Humo ndimo vilimotoka vibao ambavyo Davidson na King, wataalamu wa brakiopodi, waliviita Chelodes bergmani mwaka 1874. Gustaf Lindström, mzaliwa wa Visby kisiwani humo, alikuwa mtunzaji wa visukuku vya wanyama wasio na uti wa mgongo katika makumbusho ya historia ya asili ya Stockholm tangu mwaka 1876, na alivirejea vibao hivyo katika kitabu chake kikubwa cha 1884. Mwaka 1955 Bergenhayn alivipanga upya, pamoja na kupendekeza mpango mpya wa ngeli nzima. Mwaka 1998 Lesley Cherns alivichambua tena. Mawe hayakubadilika katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni kile ambacho watu waliona wana haki ya kukisema juu yake.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapozaliwa. Je, ni uaminifu kumpa jina kamili mnyama ambaye hakuna aliyemwona akiwa mzima? Jina lina nguvu. Likishachapishwa huingia katika orodha, hutumiwa kuhesabu ni spishi ngapi ziliishi na ngapi zilitoweka, na msomaji wa mbali hulichukua kana kwamba nyuma yake yuko mnyama mzima. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga, na kulibandika giza jina si kuliwashia taa.

Mwenye msimamo mkali atajibu kwamba ni afadhali kungoja. Lakini kungoja nako kuna gharama. Mfano uko Tanzania. Katika miaka ya 1930 Francis Rex Parrington alikusanya mifupa michache katika eneo la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa nchi. Alan Charig aliiandikia katika tasnifu yake ya udaktari miaka ya 1950, na jina Nyasasaurus likaanza kutajwa bila kuwa rasmi. Halikutangazwa kwa utaratibu hadi mwaka 2013, likiwa limesimama juu ya mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Walioutangaza uamuzi huo walisema wazi kwamba mnyama huyo ama ni dinosau wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa wa karibu wa dinosau. Katika miongo yote iliyotangulia, mifupa hiyo ilikuwa kama shahidi ambaye hakuitwa mahakamani. Kisicho na jina rasmi ni vigumu kukijadili, na kisichojadiliwa hakisahihishwi.

Kwa hiyo kunyamaza si lazima kuwe unyenyekevu. Unyenyekevu wa kweli huonekana katika namna jina linavyotolewa. Desturi ya elimu hii inamtaka atoaye jina ataje kielelezo chake: kipande hiki hasa, kilichohifadhiwa mahali fulani. Jina hufungwa na kielelezo, si na ndoto ya mtafiti kuhusu mnyama mzima. Yeyote asiyeridhika anaweza kwenda, kuomba kabati lifunguliwe, akakitazama kibao kwa macho yake na kumkanusha mwenzake. Tena zipo alama ndogo za shaka: cf. kwa kinachofanana na spishi fulani, aff. kwa kinachoikaribia bila kuwa yenyewe, na sp. pale mtafiti anapoijua jenasi tu. Herufi hizo ni adabu iliyoandikwa. Watu wa pwani wanajua tofauti kati ya jina la utotoni na jina la ukubwani. Jina la kisukuku cha kibao kimoja ni jina la utotoni, linalotolewa tabia ikiwa bado haijajulikana, na aliyelitoa hana budi kujua hivyo.

Kukosea, basi, si dhambi. Linnaeus mwenyewe alimweka Chiton katika kundi la wenye magamba mengi, pamoja na Lepas, wale wagandao chini ya mashua, ambao leo wanajulikana kuwa jamaa wa kaa na kamba, na pamoja na Pholas, jamaa wa chaza watoboao mawe. Alihesabu magamba, na hesabu ikamdanganya. Kanuni ya vibao vinane nayo ilipata mtihani mwaka 2004, pale kisukuku kilichohifadhiwa kwa mpangilio wake kilipoonyesha jamaa wa kale wa Chiton mwenye vibao 17. Na vibao vya kundi liitwalo Machaeridia viliwahi kuhusishwa na wagandao chini ya mashua, hata na akina Chiton, mpaka mwaka 2008 kisukuku cha Morocco chenye mabaki ya mwili laini kilipothibitisha kwamba wenyewe ni minyoo ya pingili. Waliokieleza walikiita Plumulites bengtsoni, kwa heshima ya Stefan Bengtson wa Stockholm, mmoja wa waliovichunguza vibao vya kundi hilo vikiwa bado vipande vilivyotawanyika. Kila mara kosa liligunduliwa kwa sababu kipande kilikuwapo, na madai juu yake yalikuwa yameandikwa waziwazi.

Lakini kitabu kile cha 1758 hakikuishia kwa moluska. Katika kurasa zake za mwanzo Linnaeus aliwagawa binadamu kwa mabara, na kwa kila kundi akaambatisha rangi, umbo na tabia. Alisema Mzungu hutawaliwa na desturi. Mwafrika, kwa maelezo yake, hutawaliwa na matakwa ya kitambo tu. Mwaka 1842, humo humo Stockholm, Anders Retzius wa Taasisi ya Karolinska alieleza njia ya kuwapanga watu kwa kulinganisha upana na urefu wa fuvu. Kipimo kilikuwa hesabu ya kawaida. Kilichofuata mikononi mwa wengi waliokipokea barani Ulaya hakikuwa hesabu tena: fuvu lilitakiwa litoe ushahidi kuhusu akili, ustaarabu na cheo cha watu.

Inavutia kusema kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, moja sayansi na jingine ubaguzi, na kuyaacha hapo. Ila mkono ni mmoja na kitabu ni kimoja. Tofauti haina budi kuelezwa. Kibao cha Gotland huulizwa kuhusu umbo, nacho hujibu kuhusu umbo. Fuvu liliulizwa kuhusu umbo, likalazimishwa kujibu kuhusu roho. Juu ya kibao, anayepinga anaweza kwenda kutazama. Juu ya tabia iliyotwikwa bara zima hapakuwa na kitu cha kutazamwa, na kwa hiyo hapakuwa na mlango wa kukanusha. Tena moluska wa Siluri hawezi kuulizwa. Waafrika wa mwaka 1758 walikuwa hai, wana lugha na majina yao wenyewe, na hakuna aliyeona haja ya kuwauliza.

Mtu anaweza kudai kwamba, kwa kuwa moluska haumii kwa jina baya, uangalifu juu yake ni anasa. Dai hilo limepindua mambo. Asiyeweza kujitetea ndiye anayeonyesha iwapo anayehukumu ana kadiri. Mtafiti aliyezoea kusema mengi kuliko kipande kinavyoruhusu, kwa kuwa kipande hakilalamiki, amejifunza tabia ambayo hataiacha mlangoni siku atakapoandika juu ya watu.

Mhamiaji wa Afrika Mashariki anayeishi Stockholm leo anaweza kupimwa kwa jina la ukoo, kwa lafudhi, kwa mtaa anaokaa. Vipande vya kweli vyote, na kila kimoja hubebeshwa mtu mzima. Hakuna anayeweza kuishi bila kuwakisia wenzake kwa sehemu. Analoweza ni kufanya kama mtunzaji mwaminifu afanyavyo kwenye kikaratasi kilichowekwa kando ya kisukuku: kuandika kwamba hiki ni kibao cha kati, kimoja, kimetoka mahali fulani, na jina lake kwa sasa ni hili. Halafu kukirudisha kabatini pasipo kufuli, ili ajaye aweze kukitoa tena.