NENO KWA JAMAA CHANGA ZINAZOHAMIA KOLWEZI

Masomo: Hesabu 13:17-20; Mwanzo 13:5-13; Yeremia 29:4-7



Siku ya posho iliyopita, kisha maombi, bwana na bibi wa jamaa moja changa walikuja mbele ya wazee. Wana watoto wawili, na wa tatu yuko njiani. Baba amepata kazi ya ufundi wa magari makubwa kule Kolwezi, na mshahara unapita ule anaopata hapa. Hawakuja kuuliza kama waende au wabaki. Shauri hilo walikwisha kulikata. Baba alisema: "Wazee, tuombeeni, nabii atuambie ni mtaa gani tukae." Mama alinyamaza, macho yake chini. Tulipomwuliza, alisema anaogopa mambo mawili: watoto, na stesheni.

Wazee walielewa neno hilo la stesheni. Wazazi wa mama huyu ni watu wa Kasai. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, jamaa yake ililala stesheni ya Kolwezi juma kwa juma, wakingoja treni. Kaka yake wa kwanza alifia pale, angali mtoto wa kubebwa. Yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa bado. Lakini jambo kama hili mtoto analinyonya pamoja na maziwa.

Tuliomba. Tuliomba mpaka usiku. Neno tulilopewa halikuwa jina la mtaa. Lilikuwa neno la Musa.

Tazameni vizuri habari ile katika Hesabu 13. Mungu alikwisha kuahidi nchi ya Kanaani. Jangwani wingu liliwaongoza, likisimama wakapiga hema, likiondoka wakaondoka. Lakini walipokaribia mahali pa kukaa na watoto, pa kujenga na kupanda, watu walitumwa kwa miguu kwenda kuona. Musa akawapa maulizo ya baba wa jamaa: udongo ni mzuri au mbaya? Watu wa kule ni wa namna gani? Wanakaa mahemani au katika miji yenye kuta? Kuna miti? Ahadi ilikuwapo, na uchunguzi ukafanyika vilevile. Basi ndugu anayetaka nabii amtajie avenue na numero ya nyumba, anataka kitu ambacho Musa hakupewa.

Tunajua kwa nini jambo hili ni gumu kwetu. Babu zetu hawakuchagua mahali pa kukaa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao katika kambi: nyumba ya kampuni, masomo ya kampuni, hospitali ya kampuni, na chakula cha posho. Hata leo tunasema siku ya posho, na watoto wetu hawajui ni posho gani. Baba zetu walirithi nyumba zile kwa Gécamines. Kisha kazi ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na fedha kidogo mkononi. Mtu ambaye kampuni ilimchagulia mlango wa nyumba angemfundishaje mtoto wake kuchagua? Tunajifunza sasa, tukiwa watu wazima.

Na Kolwezi inavuta macho. Tangu Katanga yetu ilipogawanywa kuwa provensi nne mwaka 2015, Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba. Kobalti inayotoka Kongo inapita nusu ya kobalti ya dunia yote, na sehemu kubwa yake hutoka kule. Bonde la Yordani lilikuwa hivyo machoni pa Loti: maji kila mahali, kama bustani. Loti hakukosa kwa kutazama. Alikosa kwa kutazama maji peke yake, asiulize habari za watu. Wala hakuingia Sodoma siku moja. Alisogeza hema pole pole, mpaka tunamkuta ameketi langoni.

Mnajua habari za Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na mashimo yakachimbwa kati ya nyumba, hata ndani ya nyumba zenyewe. Mwaka 2017 jamaa nyingi ziliondolewa na ukuta ukajengwa. Wako waliopanga nyumba huko kwa sababu fedha ilikuwa karibu na mlango. Fedha kweli ilikuwa karibu. Ilikuwa chini ya kitanda cha watoto.

Kwa hiyo, baba, usimwulize komisionere peke yake. Yeye anakula siku unapolipa, na kama utalia kisha mwezi mmoja si shauri lake. Uliza mama mwenye ndoo kichwani: maji yanatoka wapi, na mwezi wa kumi, kabla ya mvua, yanatoka bado? Kila mtaa una maji mwezi wa kwanza. Zunguka nyuma ya nyumba utazame kama ukuta umepasuka, na kama jirani anachimba. Simama barabarani jioni uone kamio ngapi zinapita na vumbi linaanguka wapi, kwa sababu mtoto mchanga atapumua vumbi lile. Fika masomoni. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na tunamshukuru Mungu, lakini hesabu watoto wanaokaa ubao mmoja. Juu ya garanti, sheria ya 2015 inasema isipite miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi. Ujue sheria kabla ya kutoa fedha. Na ikiwa lazima mmoja atembee mbali, atembee baba kwenda kazini, si mtoto kwenda masomoni.

Hayo ni juu ya watoto. Juu ya stesheni, wazee walikaa kimya muda mrefu. Hatuwezi kumwambia mama huyu kwamba mambo yale hayatarudi. Hakuna aliyepewa neno hilo, na anayelisema kwa wepesi hakuwapo. Ndugu mmoja alishauri wakae mtaa wenye watu wa Kasai tu. Mwingine akajibu kwamba mwaka 1993 mitaa ya namna hiyo ilijulikana mbele ya mingine. Yeremia aliwaandikia waliochukuliwa Babeli wajenge, wapande bustani, wauombee amani mji ule, na hakuwaambia kwamba Babeli ni mji mwema. Tulikubaliana hivi: wakae karibu na ndugu wa maombi wa kule, ambao ni wa kabila nyingi, mlango kwa mlango kama inawezekana, ili ikiwa usiku mbaya unakuja awepo mtu wa kumwita kwa jina.

Tena tulimwambia baba asilipe hata franka moja kabla bibi yake hajaona. Katika wapelelezi kumi na wawili, kumi waliogopa, na Mungu hakupendezwa nao. Lakini majitu waliyoyasema yalikuwapo kweli. Neno la mwenye woga linasikilizwa pia.

Siku ya pili ijayo mama atapanda basi kwenda Kolwezi, pamoja na mama mzee mmoja wa maombi aliyeishi kule zamani. Amesema mwenyewe anataka kuanzia stesheni, kisha ndipo atazame nyumba. Sadaka ya siku ya Mungu itasaidia tiketi zao mbili. Watarudi kabla ya siku ya posho, nasi tutawasikiliza.